Nailoni Chini ya Kikombe

Shija alikuwa na gari jekundu la milango miwili, la chini na la kasi, gari ambalo likipita watoto wanaacha mpira na watu wazima wanajifanya hawakuliona. Viti vyake bado vilikuwa na nailoni ya dukani. Mnacheka? Basi tuanze na makochi ya sebuleni kwenu, halafu turudi kwa Shija. Alilipenda gari lile. Kila asubuhi alilifuta kabla hajanawa uso, na mtu akiliegemea tu, yeye alishikwa na homa.

Alikuwa pia na mdogo wake wa kike, Kashinje, mwendesha baiskeli za mashindano. Kashinje alikuwa ameshinda mbio za kata, akashinda za wilaya, zikabaki moja tu, za mjini, za kuchagua timu ya mkoa. Wachaguzi wa timu walimwambia waziwazi kwamba mwakani hawatamchukua mtu aliyefikisha miaka thelathini, naye alikuwa anaifikisha mwezi unaofuata. Hapakuwa na mara nyingine. Baiskeli yake aliiunga mwenyewe kwa miaka mitatu, kipande kimoja kimoja, mpaka ikamkaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake. Mwaka uliotangulia aliipakia kwenye buti la basi, wakaiwekea magunia ya mpunga juu, akaishusha imepinda.

Kwa hiyo familia ilipokaa kuzungumza habari ya safari, Shija alisimama. "Mdogo wangu hapandi basi tena," alisema. "Nitambeba mimi, yeye na baiskeli yake." Mama zake wadogo wakapiga vigelegele, na baba yao akavua kofia akafutia macho. Shija aliketi kichwa kimemvimba kwa sifa. Hakuna aliyemlazimisha kusema vile. Hilo mlishike.

Gari la namna ile halina pa kuweka baiskeli, akaagiza keria. Haikuwa keria ya kufunga kwa boliti, ilikuwa ya vikombe vya mpira. Vikombe vitatu hukaa juu ya paa na kubeba uma wa mbele wa baiskeli, gurudumu likiwa limetolewa. Cha nne hukaa kwenye kioo cha nyuma, kinashikilia gurudumu la nyuma. Unafuta vumbi, unakibandika kikombe, unabonyeza kipampu chake mpaka hewa yote itoke. Ukiona mstari mwekundu kwenye kipampu, hewa inaingia. Mstari ukipotea, kimeshika, na kinashika kwa sababu moja tu, kwamba kati yake na bati hakuna kitu. Hata unywele mmoja hautakiwi kubaki hapo.

Shija aliyajua hayo yote. Lakini alikuwa amesikia kwa watu kwamba vikombe vya namna hiyo, jua likivipiga, huacha maduara kwenye rangi. Asubuhi ya safari, Kashinje akiwa ndani anakunywa uji, Shija alitoa ile nailoni ya gundi ya kujaladia madaftari. Akakata vipande vitatu, akavibandika juu ya paa, akavilainisha kwa kiganja mpaka havikuonekana. Alivilainisha kwa muda mrefu, wakachelewa kwa dakika ishirini. Juu ya nailoni akaweka vikombe, akapampu, mstari ukapotea. Akaitikisa baiskeli, na gari zima likatikisika nayo. Akaridhika. Kwenye kioo hakuweka nailoni, maana kioo hakina rangi ya kuharibika.

Kashinje alitoka nje amelikumbatia gurudumu la mbele. "Kaka, vimeshika bati lenyewe?"

"Vimeshika," alisema Shija.

Wakaondoka. Saa nne kamili mashindano yanaanza, na mwendo ni wa saa moja na nusu. Kashinje alilipakata gurudumu lake, akawa analizungusha kwa kidole, taratibu, tik tik tik. Alimwambia kaka yake kwamba tangu aanze mashindano hiyo ndiyo asubuhi ya kwanza ambayo hakuamka na hofu ya njiani. Alimwambia ahsante. Shija alikohoa, akatazama mbele.

Kilomita arobaini za mwanzo zilikwenda vizuri. Halafu lori la pamba lilikuja upande wa pili, likapita kwa kishindo, upepo wake ukalipiga gari kofi. Juu ya paa ikasikika sauti ndogo, kama mtu anayebandua jalada la daftari. Ndani ya gari lile walikuwa watu wawili, na mmoja tu ndiye aliyeijua sauti hiyo.

"Nini hicho, kaka?"

"Upepo huo."

Kashinje alitoa kichwa dirishani, akatazama juu kwa makini, akarudi ndani. Mstari mwekundu haupo, alisema, vikombe vyote vimeshika. Na alisema kweli. Vikombe vilikuwa vimeishika nailoni barabara, kwa nguvu zake zote. Nailoni ndiyo iliyokuwa inaliachia gari. Jua lilikuwa limepanda, na gundi ya madaftari haikutengenezwa kwa jua la barabarani.

Shija akapunguza mwendo. Moyoni alikuwa anapiga hesabu zake. Kusimama, kubandua vipande vitatu, kufuta, kupampu tena, ni dakika tano, hazizidi. Muda ulikuwepo. Lakini katika dakika tano hizo Kashinje angeshuka, angeona, angeuliza, naye angelazimika kufungua kinywa na kusema, nilikudanganya, niliogopea rangi. Akafikiria vigelegele vya mama zake wadogo. Akafikiria kofia ya baba yake. Akajiambia, pale kwenye kituo cha mafuta nitasimama, nitasema nakagua upepo wa matairi, nitavibandua kimyakimya. Kituo kilifika. Kilikuwa na watu. Akakipita.

Ile sauti ikarudi, safari hii ndefu zaidi. Kashinje alitazama saa yake.

"Kaka, mbona tunakwenda polepole? Ongeza kidogo. Si umesema vimeshika?"

Sasa angejibu nini? Dada wa watu anamwambia aongeze kwa sababu anamwamini. Akisema hapana, aeleze kwa nini. Angeweza kueleza! Hata pale, hata akiwa amechelewa hivyo, mlango ulikuwa wazi. Shija akajikaza kisabuni, akakanyaga mafuta. Ndugu zangu, alikanyaga akijua.

Hawakumaliza kilomita mbili. Paa lilitoa mlio mmoja wa kuchanika, na kivuli cha baiskeli, ambacho kilikuwa kikikimbia nao kando ya barabara tangu asubuhi, kikainuka, kikageuka, kikatoweka. Kisha kishindo kikaja nyuma, chuma juu ya bati, na mkwaruzo mrefu uliomwingia Shija kwenye meno. Kwenye kioo cha pembeni alimwona mwendesha bodaboda aliyekuwa akiwafuata na gunia la mihogo. Alimwona yule mtu akiachama, akikata kona, akiingia shambani mwa pamba, akipotea ndani ya vumbi. Mungu wangu, nimeua, alisema Shija. Alisema kwa sauti.

Hakuwa ameua. Walipofika mbio, yule mtu alikuwa anajiinua, suruali imechanika gotini, anajipapasa mbavu, anamshukuru Mungu. Kisha wakaigeukia baiskeli. Ilikuwa inaning'inia nyuma ya gari, imeshikwa na kikombe kimoja tu, kile cha kwenye kioo. Hicho hakikuachia. Kikombe cha nne ndicho kilichoizuia isiruke ikampige mtu kifuani. Uma wa mbele ulikuwa umevunjika, na ubavu mwekundu wa gari ulikuwa umechorwa kutoka mlangoni hadi taa ya nyuma.

Kashinje aliviokota vile vikombe vitatu barabarani. Akakigeuza kimoja. Nailoni ilikuwa bado imekaa pale, imenyonywa ndani, safi kabisa, mstari mwekundu haupo. Akajaribu kuibandua, ikakataa. Alikitazama kitu kile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kukielewa. Kisha akampa kaka yake mkononi.

"Vikombe havikuniachia, kaka," alisema.

Mwendesha bodaboda, ambaye hakuna aliyemwomba chochote, alilishusha gunia lake la mihogo, akaliacha kando ya njia. Kashinje akapanda nyuma yake, baiskeli iliyovunjika begani, gurudumu zima mkononi, grisi ya mnyororo ikimchafua yule mtu shati lote mgongoni. Hakulijali shati. Mjini mafundi walimfungia dada uma mwingine, wakafanya haraka sana, Mungu awabariki, lakini wenzake walikuwa wameshaondoka nusu saa nzima kabla yake. Alisimama kwenye mstari peke yake. Jina lake halikuandikwa mwaka ule, na mwezi uliofuata alifikisha thelathini.

Shija alirudi nyumbani, akapanda kigoda, akabandua mabaki ya gundi, akalikagua paa. Rangi ilikuwa safi, haina hata duara moja. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na duara, pale kikombe cha nne kiliposhika. Amelifuta kwa sabuni, kwa spiriti, kwa majivu, halitoki, na kila akilitazama analia.

Nawe uliyesimama mbele za watu ukasema utambeba ndugu yako, siku ya kukaguliwa tutakuta juu yako duara lake, au tutakuta nailoni?