Safu ya Tatu na Gari Kuukuu

Nipeni masikio niwape fundo. Kulifungua ni juu yenu.

Katika mji mmoja palikuwa na chama cha maziko cha Waislamu, mwenyekiti wake Bi Hadia, mwanamke asiyejua kutulia. Jambo likimkera, chai hupoa mezani naye huzunguka ua kama kuku anayetafuta pa kutagia. Chama chake kilizika hata wasio na ndugu, tena kwa desturi ya chama: maiti hasaliwi kwa pungufu ya safu tatu za waumini, hata kama kila safu ina watu wawili tu.

Sasa wajueni watu watatu. Wakili Anselmi, Mkatoliki, alijaliwa ulimi. Mzee Athumani, mwosha maiti, alijaliwa kunyamaza. Gaspari, dereva, Mkatoliki pia, alijaliwa ukweli, hata pale ambapo uongo ungemfaa.

Dereva wa chama alipougua, Gaspari alishika usukani wa gari la maiti. Yule mgonjwa alipofariki, chama kikaajiri Mwislamu. Gaspari akaja juu.

"Mama, kwani usukani una dini?"

"Usukani hauna, baba. Kazi ndiyo inayo."

Bi Hadia alijibu hivyo, na papo hapo moyo ukamsuta. Gaspari akaenda mahakamani. Chama kingeshindwa, mahakama ingekipangia watu wa kusimama nacho makaburini.

Wakili Anselmi akakitetea chama. Parokiani wakamnunia: vipi unamwacha kijana wetu? "Mwenzako akinyolewa, zako tia maji," akawaambia. "Leo wao wanachaguliwa dereva, kesho sisi tutachaguliwa katekista." Wateja wakamkimbia. Lakini bila ulimi wake, chama kisingejua hata pa kuanzia.

Hakimu akataka kujua dereva wa chama hufanya nini hasa. Mzee Athumani, ambaye siri za josho alizizika na wenyewe, akasimama kizimbani. Akasimulia habari za maiti wa kiume wa nyumba yenye wanawake peke yao: dereva wa zamani alivyommiminia maji, alivyomshusha kaburini, alivyomwombea. Hakutaja jina, ila mji ni mdogo. Wafiwa walimtambua marehemu wao, na tangu hapo watu wanaogopa kumwita mzee awaoshee maiti wao. Lakini bila maneno yake, hakimu angedhani dereva ni wa kukanyaga mafuta tu.

Kisha Anselmi akamgeukia Gaspari. "Safu ya tatu ilipopungua mtu, wewe ulikuwa wapi?"

Angeweza kusema alibaki garini siku zote, kwamba kazi yake ilikuwa kuendesha tu. Nani angembishia?

"Kwa kawaida nilikaa garini," akasema. "Ila siku moja tulizika mtu asiye na ndugu, safu ikapungua. Nikamwonea huruma, nikaingia. Wakiinua mikono, nainua. Midomo inacheza, lakini moyoni hamna kitu. Nilitoka pale najiona nimemwibia maiti sala yake."

Bi Hadia alilishika benchi. Ni maiti yupi huyo? Hajui mpaka leo, na linamtafuna.

Ushahidi wa Gaspari ndio uliomaliza kesi yake mwenyewe. Hakimu akasema kazi ile ni ibada, na chama kina haki ya kuajiri mwenye imani yake. Gaspari akatoka mikono mitupu.

Baadaye tajiri mmoja akakipa chama gari jipya. Wanachama wakaazimia lile kuukuu apewe aliyekiokoa chama: apewe mmoja, lisiuzwe, lisigawanywe. Hapo makelele yakaanza.

"Apewe wakili! Alitutetea na dini si yake."

"Apewe Mzee Athumani! Amepoteza heshima ya maisha yake kwa ajili yetu."

"Na Gaspari je?" akauliza Bi Hadia.

"Aliyetushtaki? Tukimpa huyo, kesho mji mzima utatushtaki!"

"Lakini angedanganya, tungeshinda?"

Kisha mmoja akanong'ona, "Kazi tumemnyima kwa imani yake. Leo tumpe gari kwa sababu gani?"

Mwisho wakamwachia Bi Hadia aamue. Ijumaa, baada ya sala, wote watatu wameketi ukumbini. Anselmi anatazama saa. Mzee Athumani anatazama sakafu. Gaspari anamtazama Bi Hadia usoni, wala hamchukii, na hilo ndilo linalomuumiza mwenyekiti zaidi. Ufunguo wa gari umefumbatwa kiganjani mwa Bi Hadia.

Haya, nyinyi mliokaa kitako mkinisikiliza: kiganja kile kingekuwa chako, ungekifungua mbele ya nani?