Sungura wa Tuta la Kale

Mzee Mhando alimkuta mbuzi wa Kilua akila majani kwenye tuta la ngome ya kale, karibu na kwake. Akamfunga uani. Kilua alipokuja kumdai, Mhando akamwambia pale tutani:

"Niletee sungura mzima kutoka mashimo ya tuta hili, ndipo nimwachie mbuzi wako."

"Yumo humu, mzee wangu," Kilua alisema. "Likalie shimo hili, nimfukuze kutokea upande wa pili. Ukiinuka tu, katoroka."

Mhando akakaa. Kilua akazunguka tuta hadi kwa mke wa Mhando.

"Mama, mzee kampata sungura. Nipe mbuzi wangu."

Mama hakumwamini, akaita kwa sauti: "Baba Saumu! Sungura umempata?"

"Nimemkalia! Nyamazeni, msimshtue!"

Jua lilipozama mbuzi alikuwa kwa Kilua akicheua, na Mhando bado amekaa, akiwanyamazisha wapita njia.