Nani Ampe Jina Mtoto wa Sitti

Sogeeni, na anayetafuna miwa aache kwanza, maana leo mtagombana.

Mji wetu ulikuwa na Mmadi, mchukuzi, ambaye gunia la mbata kwake halikuwa mzigo. Ulikuwa na Echati, mwanamke wa kudanganya bila kupepesa jicho. Na zahanati ilikuwa na Odile, nesi wa Kifaransa, ambaye mikononi mwake hakufa mzazi hata mmoja.

Basi tukapiga kura, tukawaambia Wafaransa tunataka nchi yetu. Mnajua walifanya nini? Ofisa wao alileta askari kukusanya kila mali ya Ufaransa. Wakabeba dawa. Wakafungua balbu. Wakang'oa hata mlango wa zahanati. Mlango, jamani! Niliuona kwa macho yangu ukipita njiani, nikashika mdomo.

Na ndani ya zahanati alikuwamo Sitti, siku ya pili ya uchungu, mtoto amekaa vibaya tumboni. Mumewe alikuwa amefia gerezani mwa Wafaransa kwa kugawa karatasi za uhuru.

Mmadi alilazimishwa kubeba masanduku hadi melini. Sanduku la vyombo vya kuzalishia akalificha nyuma ya magunia. Lilipokosekana, walimpiga kwa kitako cha bunduki mpaka mkono wa kulia ukavunjika, na haukupona tena. Walichopata kwake ni "sijui" tu.

Echati akalirudisha sanduku ndani ya tenga la nguo chafu. Askari walipokuja kuchukua kitanda alicholalia Sitti, akawazuia. "Msiingie! Ni ndui! Imeanzia nyumbani kwangu!" Wakaruka nyuma. Lakini ofisa akaamuru nyumba hiyo ichomwe moto. Nanyi mnajua, kwetu nyumba ni ya mwanamke, na hiyo Echati alikuwa akimjengea bintiye kwa miaka kumi na mmoja. Angeweza kusema nimetania. Alitazama moshi, akanyamaza.

Meli ikapiga honi. "Nesi, panda!" ofisa alifoka. "Ukibaki umeisaliti Ufaransa, na kwenu usirudi tena!"

Odile akakunja mikono ya gauni. "Leteni maji ya moto," akasema.

Meli ikaenda zake. Alasiri mtoto wa kiume akalia, na mama yake akawa hai. Mimi nililia kuwapita wote wawili.

Siku ya saba tukakusanyika uwanjani. Anayetoa jina ni baba, na baba hayupo. Sitti akasema jina litoke kwa aliyemwokoa mwanawe.

"Mkono wangu haubebi tena hata kikapu," alisema Mmadi.

"Binti yangu hana nyumba," alisema Echati.

Odile alisema taratibu, kwa lugha yetu, "Mama yangu ni mgonjwa kule kwetu. Sitamwona."

Hapo ndugu wa marehemu akaruka. "Mfaransa! Wamemuua ndugu yangu, halafu wampe jina mwanawe? Mmeingiwa na wazimu?"

"Shemeji," Sitti akamuuliza, "siku ile ulikuwa wapi?"

Akakaa chini. Sitti akawatazama wale watatu, machozi yanamtiririka, hajui amchague nani.

Haya, wewe uliyekunja uso. Mtoto nakupakatisha wewe, baba yake yuko kaburini, na watatu wanakutazama. Utamwambia nani, "Mpe jina"?