Watatu Katika Shimo la Ndeanasia

Hapo zamani, kanisa letu la mlimani lilipokuwa bado linaita watu kwa kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini, aliishi mjane mmoja jina lake Ndeanasia. Kihamba chake, yaani shamba lake la migomba, kilikuwa cha mwisho kabisa, kinapakana na msitu. Nguruwe wa porini walikuwa wakishuka kumlia magimbi yake. Akachimba shimo refu, akalifunika kwa majani makavu ya mgomba, akaenda zake.

Jumapili moja ya masika shimo likanasa. Halikunasa nguruwe. Lilinasa watu watatu.

Wa kwanza alikuwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa. Ndiye aliyegonga ile reli kila Jumapili. Ndiye aliyewafundisha watoto amri kumi. Na Ndeanasia alipofiwa na mumewe, ndiye aliyeshika jembe akachimba kaburi, na baadaye akawa anampelekea kuni. Asubuhi hiyo alikuwa amechelewa, akakata njia katikati ya magimbi ya mjane, na ardhi ikammeza.

Wa pili alikuwa Kisoka, mwizi. Nasema mwizi bila kumsengenya, maana mwenyewe hakuficha. Sasa, desturi ya Wachaga ni hii: ukimkosea mtu, unachuma jani la sale, lile jani refu linalopandwa mpakani, unampelekea. Naye akiletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Kisoka alikuwa anakwenda kuiba mkungu wa ndizi, na ili asipoteze muda alikuwa ameshachuma sale yake njiani. Alitumbukia akiwa nayo mkononi.

Wa tatu alikuwa Mkunde, mwanamke jirani wa mjane. Huyu hakubatizwa, na kanisani alikwenda siku za harusi tu, tena wakati wa chakula. Alisikia watu wanalia shimoni, akakimbia, akainama awape mkono, ukingo ukakatika. Mwema, siyo? Subiri. Mume wa Ndeanasia alipokufa, huyu Mkunde ndiye aliyeng'oa masale ya mpakani na kuyapanda upya ndani ya kihamba cha mjane. Tangu hapo wanawake hao wawili hawakusalimiana.

Mvua ikanyesha. Maji yakaingia shimoni, yakafika magotini, yakafika kifuani. Mzee Anaeli alikuwa mfupi na mwenye umri, akaanza kumeza maji. Mkunde hakumuuliza kitu. Alimbeba mabegani kama mtu anavyobeba ndama, akasimama hivyo.

Ndeanasia akafika na kamba ya ng'ombe. Alichungulia, akaona ukuta wa shimo umepasuka na udongo unashuka mabonge kwa mabonge. Mmoja angemtoa. Wa pili labda. Wote watatu, hapana. Hilo wote wanne waliliona.

Desturi ya mlimani ni kwamba mtu akikutwa katika shimo lako, humtoi kabla hujamuuliza alikokuwa anakwenda. Ndeanasia akauliza.

"Mzee Anaeli, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kanisani, mama. Wapi tena? Kuni zangu bado ziko jikoni kwako. Kaburi la mumeo lina alama za jembe langu. Mimi sina la kuungama. Wewe shusha kamba, watu wanasubiri reli."

Basi, pale majini, chini ya kidevu chake, lilikuwa linaelea ganda la ndizi mbivu, ndizi za kihamba kile kile. Kisoka alilisukuma kwa kidole, likazunguka polepole, likamrudia mzee. Mzee akasema ni upepo umelileta. Kisoka akasema upepo huo una ndevu, tena ndevu zenye makombo.

"Kisoka, ulikuwa unakwenda wapi?"

Akainua sale yake juu ya maji. "Kukuibia, mama. Ule mkungu mkubwa wa karibu na zizi. Mwaka jana pia nilikuibia, na nikitoka humu sijiapizi kwamba sitakuibia tena, maana najijua. Wema sina hata wa kuazima. Nina jani hili tu, na nina wewe. Najua huwezi kulikataa."

Mzee Anaeli akauliza kutoka kule mabegani, jani la msamaha linachumwaje kabla ya kosa? Kisoka akamjibu kwamba yeye anajijua vizuri kuliko mzee anavyojijua, ndiyo maana alichuma mapema.

"Mkunde, na wewe ulikuwa unakwenda wapi?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Mkunde tangu msiba.

"Nilikuwa nakuja huku, si unaona," Mkunde akasema. "Uliza upesi, mabega yanauma."

"Na masale ya mpakani?"

"Habari za mpaka tutazungumza nikiwa juu."

Kisoka akamwonea huruma. Akamwambia atamkatia kipande cha sale yake akiinue, mambo yaishe. Mkunde akasema mikono yake imeshika miguu ya mzee. Kisoka akamwambia basi akiume kwa meno. Mkunde akafumba mdomo.

Mzee Anaeli akakohoa, akasema kwa upole kwamba yote hayo ni bure, maana Mkunde hata ubatizo hana.

"Maji yamemfika kifuani," Kisoka akasema. "Unataka abatizwe mpaka wapi?"

"Hakuna maneno yaliyosemwa."

"Basi yaseme, mzee. Uko karibu na sikio lake."

Mzee hakuyasema. Alisema lazima kwanza mtu atubu, na Mkunde hajatubu. Mkunde akamhamisha kidogo kutoka bega la kushoto kwenda la kulia, asizame.

Ndipo Kisoka akauliza jambo jingine, bila ukali. Aliuliza kwa nini ukingoni hapakufungwa jani la kuonya watu, kama wafanyavyo wachimba mashimo wote. Ndeanasia alikuwa amelikumbuka jani hilo siku ile ile ya kuchimba. Akamfikiria Mkunde, asilifunge.

Hapa ndipo marehemu mume wangu alipokuwa akinikatiza kila mara niliposimulia, ili ataje wa kutolewa. Mara alisema Kisoka. Mara alisema Mkunde. Anaeli hakumtaja hata siku moja, na yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Tulicheka mpaka chai ikapoa.

Ndeanasia akazungusha kamba kwenye shina la mringaringa, akashusha ncha yake. Ikafika katikati yao, kila mmoja angeweza kuishika. Bonge la udongo likaanguka majini. Lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Wote watatu walimtazama usoni, wakingoja ataje jina.

Mmoja alikuwa na matendo mema, na hakuungama. Mmoja aliungama yote, na hakuwa na tendo jema hata moja. Mmoja alikuwa amembeba mwenzake, na hakuomba msamaha wala hakujua sala. Na aliyeshika kamba, naye mnamjua sasa.

Ninyi mnaosikiliza, msiniangalie mimi. Je, nani alistahili?