Mafiga ya Sengasu

Asubuhi hiyo Bibi Nakiete alikuwa barazani anachambua maharage. Akawaona wajukuu wanataka kung'oa mafiga ya mjomba wao aliyekwenda Tanga kutafuta kazi, wazungushie bustani ya maua. Akawaambia, "Figa la msafiri halihamishwi."

"Kwa nini, bibi?"

Akasogeza ungo pembeni. "Kaeni. Neno hilo lilizaliwa hapa hapa Kwasengasu, tena kisa chake ndicho kilichokipa kilima jina."

Zamani kilima hiki hakikuwa na jina. Walipanda watu wachache wakikimbia njaa. Kati yao walikuwa Nambua, mumewe Kiondo, na Sengasu, mdogo wake Nambua wa kiume, ambaye dada huyo alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki. Sengasu ndiye wa kwanza kupanga mafiga matatu na kuwasha moto hapa juu. Na kwa watu hawa mafiga ndiyo mtu mwenyewe. Ukisafiri yanabaki, hata kibanda kianguke. Yaking'olewa, basi umekufa.

Sengasu akashuka nyikani kutafuta mbuzi. Masika yakapita, vuli ikapita, kimya. Masika mengine yakaja na kuibomoa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Watu wakajaza mawe, pengo likabaki dogo, lakini maji yanazidi kulichimba.

"Yale mafiga ya Sengasu ni mapana," Kiondo akasema. "Mke wangu, toa ruhusa."

Nambua akayatazama maji, akawaza njaa waliyoikimbia. "Chukueni. Mdogo wangu ataelewa. Kesho tutayarudisha."

Kesho ikawa palizi. Palizi ikawa mavuno.

Ndipo Sengasu akarudi na mbuzi wawili. Akasimama kwenye majivu yake, akaona mashimo matatu.

"Dada, matanga yangu mlikaa siku ngapi?"

"Hatukukaa matanga, baba. Ndiva ilibomoka."

"Mlima wote huu, mkaona mawe yangu tu?"

Kiondo akataka kupooza mambo kwa utani. "Shemeji nawe, ulivyokawia! Shukuru hatukugawana na vyungu vyako!"

Watu wakacheka. Sengasu hakucheka. Akawafunga wale mbuzi mlangoni kwa dada yake.

"Hawa ni wako. Maiti hafugi."

Akateremka. Nambua akamkimbilia mpaka mtoni, anaita mpaka sauti ikakauka. Hakugeuka.

Jioni ile ile Nambua akaingia ndivani, maji kifuani, akawa anayapapasa mawe ya mdogo wake. Kiondo akaingia nyuma yake. Kila alipochomoa mke jiwe moja, mume alikandamiza jingine mahali pake. Mafiga yakarudi kwenye mashimo yake.

Tangu hapo, kila muuza chumvi aliyeshuka nyikani Nambua alimsimamisha. "Ukimkuta Sengasu, mwambie mafiga yake yako palepale. Mwambie dada anaomba radhi."

Huko chini wauza chumvi wakiulizwa wametoka wapi, walijibu, "Kule juu, kwa Sengasu." Kilima kikapata jina la mtu asiyekaa hapo.

Ujumbe ulikwenda mwaka hadi mwaka. Jibu halikuja. Nambua akazeeka akifagia kuzunguka mafiga yale, na kila mtoto aliyeyagusa, bibi huyo alimshika mkono taratibu, akimwambia bila kumgombeza: "Figa la msafiri halihamishwi."