Kwa Nini Bata Mzinga Hujibu Asiyoulizwa

Mmecheka, naye amejibu. Mmoja wenu amekohoa, amejibu tena. Hata mlango ukilia, yule bata mzinga pale uani lazima achangie neno. Acheni kupukuchua mahindi kidogo niwaeleze, maana kelele zile zina chanzo chake, na kichwa kile chekundu kisicho na unyoya nacho kina chanzo chake.

Hapo kale bata mzinga hakujua banda. Alilala ndani na watu, akala nao, na kichwa chake kilikuwa na manyoya laini kama ya njiwa. Tena alisema. Alisema kwa sauti nzuri kuliko watu wengi, na hilo ndilo lililomponza.

Bata mzinga wa kwanza kukaa na watu alilelewa huku Upareni, kwa Mzee Mkwizu na mkewe Nakijwa. Binti yao Naetwe alimwokota akiwa kifaranga, amelowa mvua, akamkausha kifuani mwake. Tangu hapo ndege akawa mtoto wa nyumba. Kila jioni Naetwe alimkuna shingo mpaka afumbe macho. Ndege alipokua akajipa kazi ya kupokea wageni. Akimsikia mtu njiani hutoka hadi langoni, akamsalimu, akamuuliza habari za kwao na za mbuzi wake, kisha akamjibu na yale ambayo mgeni hajauliza.

Naetwe akafikia umri wa kuolewa. Mshenga wa kwanza alifika hadi langoni, akarudi alikotoka. Wa pili akafanya vivyo hivyo, tena huyu aliondoka mbio. Mzee Mkwizu aliwaza labda ana maadui. Nakijwa aliwaza labda ni moshi wa jikoni. Naetwe yeye akaanza kuacha chakula, kwa kuwa alikuwa amempenda Kajiru, mhunzi wa ng'ambo ya bonde, na aliona zamu ya Kajiru nayo itapita vilevile.

Kajiru akamtuma shangazi yake, mama mtu mzima mwenye heshima zake, ila masikio yalikuwa yamekwisha kuchoka. Bata mzinga akamlaki langoni, akamweleza kwa ufasaha wote. Shangazi akatabasamu, akampita, akaingia ndani.

Jambo hilo halikuwahi kumtokea bata mzinga. Akamfuata hadi sebuleni, akasimama mbele ya wote, akapaza sauti: "Nimesema hivi, binti huyu akilala hukoroma mpaka mbuzi hukata kamba."

Kila mtu alisikia isipokuwa shangazi. Nakijwa akaweka kata chini taratibu. "Na wale wa kwanza," akamuuliza, "uliwaambia nini?"

Bata mzinga hakuwahi kuacha swali bila jibu. Akaeleza yote, neno kwa neno: kwamba wa kwanza alimwambia habari ya kukoroma, na wa pili alimwambia kwamba Naetwe akiolewa, mama yake atahamia huko pamoja naye, na vyungu vyake vyote.

Shangazi akauliza ndege anasema nini. Mzee Mkwizu akapiga kelele sikioni mwake kwamba anamkaribisha. Shangazi akasema nyumba hii ina adabu.

Nakijwa akamwonyesha ndege mlango. Akamwambia kuanzia leo atalala nje. Bata mzinga alikubali kutoka, lakini si na njaa. Akapitia jikoni, ambako chungu cha makande ya mgeni, mahindi na maharage, kilikuwa kinatokota, akatumbukiza kichwa chote ili abebe fungu lake, akameza.

Alipokitoa, manyoya ya kichwa yalibaki chunguni. Ngozi ilikuwa nyekundu, kwingine samawati, imevimba vinundu vinundu kama maharage, na ya juu ya mdomo ilivutika ikaning'inia kama kamasi. Yale makande yaliendelea kuchemka kooni mwake.

Naetwe ndiye aliyekimbilia maji. Akammwagia, akampaka samli, kwa hasira na kwa huruma. "Kwa nini umenifanyia hivi?" akamuuliza.

Ndege alitaka kumwambia kwamba hakuwa na mwingine wa kumkuna shingo. Alifungua mdomo, ikatoka sauti ya chungu: golo-golo-golo-golo. Akajaribu tena. Golo-golo-golo. Naetwe akamkuna shingo ile iliyoungua, polepole, pasipouma.

Kule sebuleni shangazi aliinua kichwa. "Katika nyumba hii yote," akasema, "huyo peke yake ndiye anayesema nikamsikia." Akafurahi mno, na kabla makande mengine hayajaiva, posa ilikuwa imepokelewa.

Siku ya harusi bata mzinga alivimbisha manyoya, akatandaza mkia, akaburuta mabawa chini, akamsindikiza Naetwe hadi langoni huku akisema njia nzima. Watu walidhani anaringa. Naetwe alipovuka bonde, yeye alibaki pale pale, bado anaeleza.

Na tangu siku hiyo bata mzinga amekuwa na kichwa kitupu, ngozi inayoning'inia mdomoni, na makande yasiyoiva kooni. Hulala nje, lakini watoto wa nyumba humfuga na kumkuna shingo, naye hutembea nyuma yao kama ndugu. Mgeni akija, huvimba na kutoka kumlaki. Ukicheka, ukikohoa, ukimwita mwenzako, yeye hujibu, kwa sababu bado anadhani ameulizwa. Siri zote za nyumba hii anazitangaza kila siku kwa sauti kubwa, na sisi tunalala usingizi mzuri. Mkipita karibu naye, mwitikieni tu, "Ndiyo, ndugu yetu," kisha mwende zenu.