Wimbo Alioupenda Kiboko

Mliozunguka moto, mpo?

— Tupo!

Mmekuja kusikia au kusinzia?

— Kusikia!

Haya, atakayesinzia asije kuniuliza kesho. Ngano hiyo!

— Na ije!

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, wanyama walikuwa na bwawa moja tu. Mvua ililijaza, na kila mwenye kiu alikunywa. Kisha Kiboko akajifanya mfalme. Akalizungushia bwawa miiba, akaweka lango, na langoni akamweka Nungunungu.

"Usimfungulie yeyote," akamwambia. "Ukisikia sauti yangu mwenyewe ikisema fungua, hapo ndipo ufungue."

"Sauti yako tu, Mfalme," akajibu Nungunungu.

Basi maji yakawa ya Kiboko kuogea, na wengine wakawa wanalamba umande.

Alikuwepo Kwale, ndege mdogo mwenye sauti ya kuvuka vilima. Vifaranga wake walikuwa wamepasuka midomo kwa kiu. Kwale akaona uchungu, uchungu ukamtungisha wimbo. Akaupeleka mbele ya lango, na nyuma yake wakasimama waitikiaji: Ngiri, Ngedere, na shoga yake Digidigi. Kwale akatoa:

"Bwawa hili kachimba nani?"

"Kachimba mvua!"

"Mbona sasa lina lango?"

"Fungua! Fungua! Fungua!"

Mara Kiboko huyo anatoka majini, puu, puu, puu. Leo tumekwisha, akawaza Kwale.

Kiboko akasimama. Akatikisa kichwa. Akatikisa mabega. Akatikisa kiuno, na kiuno cha kiboko mnakijua kilivyo. Jamani, alikuwa anacheza!

"Wimbo mtamu huu, Bi Kwale. Rudia!" Akamvalisha shingoni kibuyu cha maji, akamtuza mbele ya wote.

Na desturi ya nchi ile, ukituzwa lazima umsifu aliyekutuza, la sivyo huna adabu. Kwale akajikuta anasema, "Ahsante, Mfalme Kiboko, mwenye mkono wazi."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Akaenda nyumbani, vifaranga wakanywa, naye akanywa. Lakini moyo haukutulia. Nimemsema au nimemsifu? Amekasirika au amefurahi? Na kama amefurahi, nimekosea wapi?

Siku ya pili akaja na hasira. Akaimba kwa ukali, akimnyooshea Kiboko bawa. Kiboko akacheza kuliko jana.

"Leo una moto!" akasema. "Hivyo ndivyo ninavyopenda." Kibuyu kingine hicho.

"Ahsante, Mfalme Kiboko, mwenye moyo mkunjufu," akasema Kwale, na akatamani ardhi immeze.

Kulikuwa na desturi nyingine: tuzo hugawanywa na waitikiaji. Kwale aliijua. Aliwaona Ngiri na Ngedere wanavyokitazama kibuyu. Akawakumbuka wanawe, akakumbatia kibuyu, akaondoka mbio. Njiani alijionea aibu, lakini hakurudi.

Siku ya tatu Kiboko alikwisha kutoka majini mapema, amekaa anasubiri burudani yake.

"Shoga, leo hatuitikii," akasema Digidigi. "Wewe koo lako limelowa, yetu yamekauka. Halafu tueleze, hapa tunampinga huyu au tunamchezesha?"

"Hata mimi sijui," akasema Kwale, na machozi yakamlenga. "Nimechanganyikiwa, shoga yangu. Simameni tu nyuma yangu nisiwe peke yangu."

Wakasimama. Kwale akatoa:

"Bwawa hili kachimba nani?"

Kimya.

"Mbona sasa lina lango?"

Kimya. Kiboko alikuwa ameinua mguu, anangoja kiitikio aushushe. "Itikieni!" akanguruma. Wakamtazama tu.

Kwale akarudia, sauti ikimkatika: "Mbona sasa lina lango?"

Kimya tena. Lo! Mguu uko juu, kiuno kimepinda, wimbo umening'inia. Kiboko hakuweza kuvumilia. Akafumba macho, akapanua domo lile, akaitikia mwenyewe:

"Fungua! Fungua! Fungua!"

Kule langoni Nungunungu akashtuka. Sauti ndiyo. Neno ndilo. Akafungua.

Ngiri akapita, Ngedere akapita, Digidigi akapita, na vifaranga wa Kwale wakapita chini ya matumbo ya wakubwa. Kiboko alipofumbua macho, bwawa limejaa wanyama.

"Nani kafungua?"

"Mimi, Mfalme."

"Nani kakuamuru?"

"Wewe, Mfalme. Mara tatu."

"Nilikuwa naimba!"

"Habari ya kuimba hukuniambia, Mfalme."

Kiboko akapiga kelele, "Funga!" Kwale akaiona hatari, akautoa tena ule wimbo. Safari hii makoo yalikuwa yamelowa, na bwawa zima likaitikia. Nungunungu alitega sikio huku, akatega kule, asisikie kitu ila wimbo. Akaona isiwe tabu, akaingia naye kunywa.

"Nisamehe," Kwale akamwambia Digidigi. "Vile vibuyu nilivinywa na wanangu tu."

"Kunywa kwanza, tutagombana baadaye. Lakini niambie, ulipanga yote haya?"

Kwale akafungua mdomo aseme ndiyo. Akaufunga. Hakujua. Alijua tu kwamba sauti yake ilikatika, na asiyetakiwa akaitikia.

Basi, mafunzo ni haya: ukimwimbia mkubwa ubaya wake naye akakutuza, usimtazame yeye anavyocheza. Geuka nyuma uwatazame waitikiaji wako, kama wamekunywa.

Nilipoisimulia mara ya mwisho, mmoja wenu aliniuliza kama Kiboko aliupenda wimbo kweli au alikuwa akimkejeli Kwale. Nitajuaje? Mimi sikuzaliwa na viboko. Ngano yangu nimeifikisha, naiacha hapa motoni ipoe. Aliyeielewa yote, na anieleze na mimi.